Koti la Bosi

Jumatatu, 1 Machi 1999

Barua imefika! Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kuna mradi Dar es Salaam unatafuta ofisi za kompyuta zilizoanzishwa na wanawake huku mikoani. Wakiridhika watatoa kompyuta tatu mpya, na mwenye ofisi atapelekwa kusoma miezi miwili. Mgeni wao atafika Makambako Ijumaa ya tarehe 19.

Tatu! Sasa hivi tunazo mbili, na moja baridi ikizidi haiwaki mpaka jiko lisogezwe karibu. Wasichana wangu ni sita. Wawili wanapiga chapa, wanne wanajizoeza kwenye vibao vya kadibodi nilivyovichora herufi kwa kalamu. Leo wamepiga makofi mpaka jirani akachungulia. Cresensia, aliye hodari kuliko wote, akauliza kama bosi naye amefurahi.

Hapo nikatazama leseni ya biashara ukutani. Imeandikwa Tarsis. Mdogo wangu, mkulima wa viazi wa Mdandu, ambaye hajui hata kuwasha hizi mashine.

Jumanne, 2 Machi

Nimemwonyesha Rukaiya barua. Ofisi hii ni nusu yake, nusu yangu. Malori ya baba yake ndiyo yaliyotuletea kompyuta ya kwanza. Alicheka kwanza, halafu akaisoma tena.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya. Mwaka 1997 tulipofungua, wateja walikuwa wanaingia, wanatuona wanawake wawili, wanauliza: bosi yupo? Tukisema ni sisi, wanatabasamu na kuondoka na karatasi zao. Wiki ya sita Rukaiya akasema tutundike koti la kiume kwenye kiti cha mbele. Mtu akiuliza, bosi ametoka kidogo. Koti nikaazima kwa Tarsis. Siku hiyohiyo mwalimu mkuu mmoja akatuachia mitihani ya shule nzima. Nusura aliage koti lenyewe! Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kisha leseni. Hakuna aliyetulazimisha. Ni sisi wenyewe, kwa werevu wetu, tuliosema koti likipata jina kamili mambo yatakwenda haraka. Na kila msichana anayekuja kusoma, somo lake la kwanza siyo kuwasha mashine. Ni kusema bosi ametoka kidogo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imeenda miaka miwili, tena ina lami.

Rukaiya anasema dawa ni ndogo. Tarsis asaini karatasi ya kuhamisha jina, basi. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, atakataaje?

Alhamisi, 4 Machi

Nimetoka Mdandu. Viatu vimejaa tope.

Tarsis nilimkuta kilabuni, maana ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na kila mtu ana kikombe. Kabla sijafika nikasikia mtu anamsalimia: "Kamwene, Mkurugenzi." Nilidhani ni utani. Kumbe ndilo jina lake siku hizi! Mzee Ambrosi, baba yake Cresensia, alikuwepo pia. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumsaidia mdogo wangu ofisini kwake.

Ofisini kwake.

Nilimvuta Tarsis nyuma ya mianzi. Hakukana. Kwamba anamwoa Cresensia nilijua. Yeye ndiye aliyemleta kwangu Januari asome. Nilichokuwa sijui ni kwamba posa ilikataliwa mara ya kwanza, wakasema hana mbele wala nyuma. Ndipo akawapelekea nakala ya leseni, ile niliyompa kwa mkono wangu. Posa ikapokelewa. Ndoa ni Jumamosi baada ya Pasaka. Cresensia mwenyewe anaamini anaolewa na mwenye ofisi.

"Dada, ngoja nioe kwanza," akasema. "Nikishaoa nakusainia hata karatasi kumi."

Nikamwambia mgeni hangoji Pasaka. Akasema basi nimwambie ofisi ni ya familia. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya kilabu chote. Lakini koti niliazima mimi.

Jumapili, 7 Machi

Misa. Padri amehubiri toba. Kila Kwaresima anahubiri hivyo, leo tu ndiyo nimeona ananitazama mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Upepo umeng'oa bati la jirani. Sikula.

Jumatano, 10 Machi

Printa imegoma katikati ya kadi za harusi ya watu. Kabla sijainuka, Cresensia alikwisha kuifungua. Akachomoa kipande cha karatasi kilichosokoteka ndani, akafunga, kazi ikaendelea. Sikumfundisha mimi hilo, amejifundisha mwenyewe kwa kutazama. Mteja aliyekuwa anasubiri akasema kweli bosi wenu anajua kufundisha. Nikamshukuru kwa niaba ya bosi! Nimejichukia mchana kutwa.

Nilitaka kumwambia Cresensia. Nikimwambia, harusi itavunjika, na mdogo wangu atakuwa kichekesho Mdandu nzima. Nisipomwambia, binti wa watu anaolewa na leseni.

Rukaiya hana subira. Amesema nusu ya ofisi ni yake, na mdogo wangu hamwoi yeye. Nikakasirika. Kisha nikaona ni kweli.

Alhamisi, 18 Machi

Karatasi ya kuhamisha jina nimeipiga chapa mwenyewe, wasichana walipokwisha kwenda. Mistari miwili ya sahihi, wa Tarsis na wangu. Nusu ya Rukaiya tutaiandikisha baadaye. Nimemtumia Tarsis ujumbe kwa dereva wa lori. Aje kesho asubuhi na mapema.

Naogopa. Niandike tu hivyo. Naogopa.

Ijumaa, 19 Machi, saa saba na nusu mchana

Naandika nikiwa chumba cha nyuma.

Asubuhi Tarsis hakutokea. Mgeni akafika saa tano, mama wa makamo, jina lake Esteria, amejitanda kanga juu ya sweta kwa baridi. Nilikuwa huku nyuma nachochea jiko. Nikasikia Cresensia anamkaribisha kwa sauti ile nzuri niliyomfundisha mwenyewe. Bosi ametoka kidogo, akamwambia.

Nilikimbia. Nilimkuta Mama Esteria anatazama koti, kisha leseni, kisha mimi. Hakukasirika. Alitabasamu, tabasamu lilelile la wateja wa 1997, akafunga daftari lake.

Na Tarsis naye ndiyo akaingia, anahema, tope mpaka magotini. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akavaa koti, akakaa. Sijui ni baridi, sijui ni mazoea ya kilabuni. Mama Esteria akauliza ofisi hii ni ya nani. Rukaiya akafungua mdomo. Mimi nikamshika mkono anyamaze. Mimi! Tarsis akasema ni ya familia.

Mama Esteria akasema mradi hautoi kompyuta kwa familia. Anakwenda kula, atarudi saa nane. "Nataka jibu moja," akasema, "na sahihi yake."

Cresensia alisikia yote. Amenifuata huku sasa hivi, akafunga mlango. Hakulia. Nimemwambia kila kitu: koti, leseni, posa. Nimemwambia Tarsis alidanganya, lakini uongo wenyewe aliukuta kwangu umeshashonwa, akauvaa. Nilijua atauliza juu ya harusi.

"Dada," akasema, "mimi nikifungua ofisi yangu Njombe, nitatundika koti la nani?"

Nimefundisha wasichana sita, na hilo ndilo swali watakaloondoka nalo kwangu.

Amekwenda mbele. Namsikia anamwomba Tarsis avue koti. Kwa upole tu. Tarsis anasema kuna baridi. Anamwomba tena.

Gari limesimama nje. Karatasi iko hapa mezani, mistari yote miwili mitupu. Rukaiya anaita, wanatafuta kalamu ya kutia sahihi. Iliyobaki ofisini ni hii ninayoandikia