Milioni Moja na Tisa

Tunduma, Jumanne

Dada Kigawanyo,

Shikamoo. Hamjambo huko Isongole? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, bado natengeneza simu hapa karibu na mpaka, vumbi la malori tu ndilo linanimaliza. Nakuandikia karatasi kwa sababu nikipiga simu unaweka sauti kubwa ili Mama naye asikie, na hii sitaki aisikie kwanza.

Uliponiambia kwamba Jumamosi fundi anajengea kaburi la Baba, na kwamba chini ya jina ataandika 1000009, aisee, nilicheka halafu machozi yakanitoka. Nikamwona Baba anarudi kutoka kufundisha, koti limejaa chaki, anatuambia tumtafutie namba tasa iliyopita milioni, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wewe ndiye uliyeichagua. Ukasema milioni ni watu wa dunia, tisa ni sisi wa nyumba hii: Baba, Mama na watoto saba. Baba akasema haya, thibitisheni. Tuigawe kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja. Ikibakiza kila mara, imeshinda. Mia moja sitini na nane, dada! Tukapokezana, moja yako moja yangu, wiki tatu jikoni, moshi machoni, na wewe unanitania eti nina mkono wa konokono, ndipo nikakubandika jina la Kigawanyo. Tulipomaliza, Baba akatoka nje akawatangazia majirani waliokuwa wanaanika mahindi kwamba sisi tisa hatugawanyiki. Hata alipokuwa anaumwa mwaka jana, si alikuwa anatushika mikono anasema hivyohivyo, hatugawanyiki?

Basi juzi nikasema ngoja nirudie fungu langu, kwa raha tu, nimkumbuke mzee. Siku hizi najifunza hesabu mwenyewe kwenye simu, nikianza siachi, wateja wanagomba. Ila hii niligawa kwa mkono, kwenye daftari, kama zamani. Nikafika 293.

Haibakizi kitu. Nimerudia mara nne. 293 mara 3413, unapata milioni moja na tisa kamili.

Na siku ile sikukosea hesabu, dada. Sikuigawa kabisa. Makene alikuwa ananipigia mluzi, mpira umeshaanza, nikaandika "inabaki saba" nikakimbia. Uliniuliza kama nimehakiki, nikakuapia. Nisamehe.

1000003 nimeigawa kwa zote, hakuna niliyoruka. Hiyo ni tasa kweli. Fundi akiweka tatu badala ya tisa, kaburi halitadanganya. Lakini hao watatu ni akina nani?

Msalimie sana Mama, na Anania, na Tabita mwambie viatu vyake nimevipata. Ijumaa nakuja na noah ya abiria ya jioni. Jumamosi saruji itakuwa mbichi, Mama amesimama pale, fundi ameshika msumari anatusubiri, na tunaojua ni mimi na wewe tu. Wewe ungemwambia aandike ipi?

Mdogo wako,
Ipyana