Chumvi Niliyomwaga Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado naitwa mke wa mtu, maana kwa jinsi mambo yalivyo hapa kwetu Mpemba, jirani na Tunduma, sijui kama mwisho wa mwezi utanikuta humu ndani.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mume wangu Osward anahangaika na malori ya mpakani Tunduma na mara nyingi hayupo, na tulipohamia hapa uwanja ulikuwa vumbi tupu, nikaenda kuomba vipande vya ukoka kwa dada yangu Vwawa, nikavileta kwenye kiroba kilicholowa, nikapanda kwa mikono yangu, nikamwagilia kiangazi kizima, ukashika hadi wapita njia wakawa wanasimama kuangalia. Ndipo akaja mama mkwe kutoka Ileje kunisaidia mtoto, na kwao, mshauri, uwanja wa mwanamke anayejiheshimu hufagiliwa ukabaki mweupe, jani likionekana ni aibu, basi kila asubuhi namkuta ameinama na jembe anaparua ukoka wangu kama anapalilia mahindi, nikimwambia, “Mama, hizo nyasi nimezipanda,” ananijibu, “Mama Felix, nyasi hazipandwi, zinajiotea. Mji wenye nyasi mlangoni, mwenyewe amekufa au mvivu.” Na kila alipoparua ukoka ulikufa, magugu yakaota mara mbili, ndago na kishona nguo, na mbigiri zikawa zinamchoma mwanangu miguuni.

Dawa za dukani sikuzitaka kwa sababu mtoto anacheza pale na kuku wanadonoa pale, nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wapenda bustani, wakaniambia njia ya asili ni chumvi. Siku ya ibada ya akina mama, mama mkwe akiwa kanisani, nikachukua chumvi ya mawe nikamwaga, nikaanzia mlangoni kwenye chumba chake cha uani, nikashuka na njia hadi bombani ambako ndago zimejaa zaidi, pakawa peupe. Akarudi ameongozana na wenzake, na mmoja wao, Jenista, akamwambia mama mkwe kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Mama Gwantwa, hii chumvi ni ya kukufukuza wewe,” kwa sababu huku, mshauri, mtu akidhaniwa mchawi humwagiwa chumvi iliyoombewa mlangoni ili ashindwe kuvuka. Mama hakunitazama. Alivua viatu, akaivuka ile chumvi peku mbele yao, akaingia, akatoka na begi lake, akaondoka kurudi Ileje.

Nimemweleza Osward kwamba ilikuwa ni magugu tu, hataki kusikia, anasema mama yake asiporudi na mimi nirudi kwetu. Ukoka umekauka wote na ndago zimebaki. Niyaondoeje magugu haya bila sumu, na nimfanyeje mume wangu aelewe kwamba sina kosa?

Scola, Mpemba

Scola, pole kwa ukoka. Nimeanza na ukoka kwa sababu hata wewe swali lako la kwanza ni hilo, na la mama mkwe hukuuliza kabisa.

Basi tuyamalize magugu. Chumvi ni ya asili, ndiyo, lakini haichagui: inaua ulichopanda na kuharibu udongo, na ndago ina vinundu vyake huko chini, inakungoja. Chukua koleo, kwangua udongo wote wenye chumvi, uutupe mbali na shamba la mtu. Mvua zikianza ziache zioshe, ndipo uongeze samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi imejaa mbegu za magugu. Jembe kwenye ndago ni kuzizidisha. Subiri ardhi ilowe, ingiza kisu chenye ncha, toa kinundu chake, na ikirudi, na wewe rudi na kisu. Kishona nguo na mbigiri ng'oa kabla havijatoa mbegu. Maji ya moto yamwage kwenye nyufa za saruji tu. Halafu panda ukoka upya na usiukate hadi chini, uache urefu wa kidole, ukijifunga wenyewe utayanyima magugu nafasi. Ni kazi ya misimu miwili, na sina njia ya mkato.

Sasa niambie. Ndago umesema zimejaa bombani. Kwa nini ulianzia mlangoni kwa mama?

Usinijibu gazetini, jibu unalo. Chumvi mlangoni maana yake nini umenieleza wewe mwenyewe, tena vizuri. Ulikuwa na hasira, na hasira yako naielewa, kwa sababu kuparuliwa bustani mbele ya macho yako na mtu usiyeweza kumkaripia kunauma. Mama alikosa. Osward naye alikosa, aliyejificha kwenye malori wakati wanawake wake wawili wanagombea jembe, na hilo mwambie bila kupepesa macho. Lakini yeye mama aliparua nyasi, na wewe umempa jina la mchawi mbele ya wenzake wa kanisani. Nchi hii vikongwe wanakufa kwa jina hilo, mwanangu, na aliyelianzisha huwa anasema hakuwa na nia mbaya.

Ibada ijayo simama mbele ya wale akina mama, Jenista akiwepo, useme chumvi ilikuwa yako, haikuombewa na mtu, na mlangoni uliiweka kwa hasira. Ukimaliza hapo panda gari uende Ileje. Nenda peke yako, mchana, usipige simu kwanza. Usitaje ndago wala kundi lako la WhatsApp. Piga magoti nje, na usivuke kizingiti mpaka aseme karibu.

Anaweza asiseme. Basi kaa hapo hapo nje, mpaka majirani zake wote wawe wamekuona.