Kuhusu Spika Zilizoungua Chumbani kwa Babu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: kwa mama yake, nyuma ya kiwanda cha magodoro
Mbele ya: Koplo wa zamu. Mama mzazi yupo.

Mimi ni mjukuu wa marehemu. Nimeomba niandike kwa mkono wangu, maana nikisema mbele ya watu maneno hukwama. Koplo ameniruhusu.

Babu alihamia kwetu mwaka jana, Bibi alipofariki. Alikuja na amplifaya yake ya zamani, ile nzito ya bati na mbao, aliyoinunua kabla mama hajazaliwa. Spika zake zilikuwa na kimo cha kabati, zikagoma kupita mlangoni. Fundi redio, huyu aliye mahabusu sasa, akamletea jozi ya spika ndogo za kuweka kwenye rafu.

"Mzee, usizidharau," alisema. "Kimo cha kuku, mdomo wa mama mkwe."

"Mama mkwe wako au wangu?" Babu akamjibu. Walicheka mpaka fundi akaangusha bisibisi.

Wakati wa kuondoka fundi alisema, "Usije ukaunganisha spika nyingine bila kuniita. Mashine hii haipatani na kila spika." Nilikuwepo. Nilimsikia.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi asubuhi, jirani aliyekuwa anahama alimpa Babu spika nyingine ndogo, za mbao nyekundu. "Hizi zimevaa suti," Babu alisema. Zile za fundi akanipa mimi. Nilimkumbusha maneno ya fundi. Akasema, "Mwache fundi wa watu apumzike. Nina mjukuu anayesoma lugha mbili, nimwite nani tena?"

Akaniambia nisome nyuma ya mashine. Palipoandikwa ukinzani wa spika palikuwa na neno la Kiingereza, "minimum", na namba 8. Nyuma ya spika mpya paliandikwa 4. Neno hilo nalijua, nimelijibu kwenye mitihani. Lakini Babu alikuwa ananitazama, na mimi nikitazamwa akili huhama. Nikasema, "Mwisho nane, Babu."

"Basi nne imo ndani. Haijafika hata huo mwisho."

Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nikaona haya kusema ngoja kwanza nifikiri. Nikafunga nyaya mwenyewe.

Muziki ulitoka mzuri. Nasema ukweli, ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Babu alifumba macho. Baadaye niligusa mfuniko, ulikuwa moto kama pasi. Nikamwambia. Akasema, "Huyo ni mzee mwenzangu, akiimba lazima atoke jasho." Nikacheka. Saa nane mchana nikaenda masomo ya ziada, nikamwacha amejilaza, pazia likigusa mashine kwa nyuma.

Niliporudi majirani walikuwa uani na ndoo. Moshi ulikuwa unatoka dirishani kwa Babu. Walimtoa akiwa hai. Alifariki hospitalini jioni ile. Daktari alisema ni moshi.

Msibani Mjomba alisema fundi amemuua baba yake kwa spika mbovu. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nagawa maji, nikaendelea kugawa. Fundi alikuja kuzika kama wengine, akakamatiwa getini kwetu, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyake. Alinitazama. Nikaangalia chini.

Jana nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Alisema ukinzani ukipungua, umeme unaopita huzidi, na mashine huchemka. Lile neno lilikuwa linakataza kushuka chini ya nane. Mimi nilimwambia Babu linakataza kupanda.

Spika zilizoungua si za fundi. Za fundi ni hizi, nimezileta kwenye mkoba wa shule. Zimeandikwa 8. Hazina kosa, wala yeye hana.

Sina zaidi ya haya. Ni maneno yangu, sikutumwa na mtu, na mama hajui nilichoandika.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya askari: Nimeyasoma maelezo haya kwa sauti mbele ya shahidi na mama yake, ambaye ni binti wa marehemu. Shahidi amekiri kuwa ni sahihi. Spika mbili nimezipokea kama kielelezo. Nilimwomba mama asaini kama mzazi. Alisaini, akauliza kama fundi amekula.