Jiko Nililolifunika kwa Gunia

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Ndalu hatujambo. Nyanya yako amemaliza kupanda maharagwe, na anauliza kama huko Nairobi unakula vizuri.

Umeniuliza kama uwaonyeshe watafiti wa jeshi kichujio chako cha maji, ama watakuibia ufundi. Nitakuambia yangu tu. Nikiwa kijana nilikuwa na karakana Kitale, na nilitengeneza jiko lisilotoa moshi. Wakaja watu wawili wa utafiti wa ulinzi, wakitaka tulijaribu pamoja kwa ajili ya askari. Walileta karatasi, wakasema imeandikwa kwamba ufundi utabaki wangu. Lakini sisi ni ukoo wa wahunzi, na baba alinifundisha kwamba mgeni haonyeshwi kazi ya mhunzi. Nikalifunika jiko kwa gunia, nikawapa chai. Karatasi sikuisoma. Wakanywa, wakashukuru, wakaenda.

Wewe karatasi watakayokupa isome yote, halafu uamue.

Juzi nyanya yako aliniomba nimtengenezee jiko lile, maana moshi unamuumiza macho. Nilishinda na mabati mpaka jioni. Nimesahau, Nekesa, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Kuka wako,
Wafula