Nimejenga Siku ya Kaka Yangu Juu ya Kibao, Naye Ameikataa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kwa sababu nimekwama, na mke wangu Caren amechoka kunisikiliza, ameniambia niandikie gazeti kama sina mtu mwingine wa kumsumbua, kwa hivyo nakusumbua wewe. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, naishi Nyalenda hapa Kisumu, kazi yangu ni kutengeneza meno bandia katika chumba kidogo karibu na soko, madaktari wananiletea umbo la mdomo wa mgonjwa lililotolewa kwa plasta nami natengeneza meno ya kuingia humo sawasawa, na Jumamosi mchana nikishamaliza ya watu, vyombo vikiwa bado mezani, huwa natengeneza vitu vingine vidogo zaidi, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Naunda matukio ya kijeshi kwa sanamu ndogondogo. Najua inasikika kama mchezo wa watoto, hata mchungaji wetu aliniuliza kama nyumbani vidoli vimekwisha, lakini hii ni kazi yenye wapenzi wake dunia nzima, mimi nilijifunza kwenye simu, na askari wangu mmoja akisimama hapiti kifundo cha kwanza cha kidole gumba. Namchonga kwa masalio ya ile plastiki ngumu ya meno, bunduki yake ni sindano iliyokatwa, kikombe chake ni ganda la waya wa chaja, udongo nauchuja kwa soksi ya Caren, na majani makavu ya chini ni majani ya chai yaliyokwisha kupikwa na kuanikwa. Kila kitu lazima kitoshe kwenye kibao kisichozidi upana wa kifuniko cha kopo la maziwa ya mtoto, hiyo ni sheria niliyojiwekea, na kwa sababu nafasi ni ndogo kuna sheria ya pili, kwamba kitu kisicho na kazi hakipewi nafasi, na mtu asiye na kazi vilevile.

Sasa kaka yangu mkubwa, Okello, alikuwa jeshini, akastaafu, siku hizi anasaga unga pale Katito. Miaka tisa iliyopita walikuwa kazini ng'ambo ya mpaka, watano na lori moja, lori likapata joto wakasimama wachemshe chai likipoa, na wakiwa hapo wakashambuliwa, na rafiki yake Robinson Wakhisi akafa. Kila Desemba tukikutana nyumbani Okello husimulia hiyo siku, kwa maneno yaleyale, haongezi wala hapunguzi, anasema dereva ameinamia injini, Naswa anapuliza moto, Ogola amelala kando ya tairi na bunduki analinda, Wakhisi ameketi juu ya mtungi na kikombe mkononi anawachekesha na habari za mama mkwe wake. Halafu Okello husema, "Basi, hivyo," anainuka anaenda kuangalia ng'ombe.

Mjane wa Wakhisi anaitwa Nekoye, anaishi huku huku Nyalenda na watoto wawili, anauza mboga, na kila mwaka hufanya ibada ya kumkumbuka marehemu nyumbani kwake, na kila mwaka Okello huja kutoka Katito na gunia la unga, anaketi mbele na wale watoto, mmoja huku mmoja huku, na miaka tisa hajakosa hata mara moja. Wale watoto wanamwita baba.

Mwaka huu nikasema nitawafanyia kitu. Miezi minane, mshauri, nimejenga hiyo siku. Lori nimelikata nusu ili liingie, mbele tu, boneti imefunguka, dereva ameinama, Naswa yuko kwenye moto na mashavu yamejaa kabisa ukimtazama kwa kioo cha kukuzia, Ogola amelala kando ya tairi, na Wakhisi yuko juu ya mtungi, mdomo wazi, na kwa sababu mimi ni mtu wa meno nilimwekea meno. Nikamwambia Nekoye hata kabla sijamaliza, sina kifua cha kuweka siri, akashika mdomo, akasema, "Shemeji, hiyo lazima ikae mezani kando ya picha. Hawa watoto hawajawahi kumuona baba yao akiwa kazini. Wanajua tu ile picha ya kitambulisho."

Basi Jumapili moja baada ya kanisa nikaipeleka Katito ndani ya kisanduku cha meno, nikaiweka mbele ya Okello. Akavaa miwani. Akakaa nayo muda mrefu, akawa anakizungusha kibao kwa kidole kimoja, polepole, mpaka kikarudi kilipoanzia, kisha akakizungusha tena. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza, imebaki vumbi kidogo tu kwenye tairi. Akasema, "Basi umekosea," akavua miwani, akatoka, akaenda kuwasha mashine ya kusaga, Jumapili, hakuna mteja, hakuna hata punje ya mahindi ndani, inanguruma tu. Nilingoja karibu saa nzima nikarudi Kisumu.

Mshauri, mimi si mtu wa kukasirika nikionyeshwa kosa. Nilianza kutafuta. Nikapata kwamba gurudumu la lori la aina ile lina nati kumi, mimi nimeweka nane, nikazitoa zote na kuweka upya, nikaipiga picha nikamtumia, akaiona, akanyamaza. Nikafikiri labda ni rangi ya mtungi, nikaupaka upya. Nikamtumia tena. Nikapunguza moshi. Nikageuza kofia ya Naswa. Wiki iliyopita ndipo alipopiga simu, akasema, "Omera, ndugu yangu, skiza. Hiyo kitu ukipeleka kwa Nekoye, mimi hiyo Jumamosi ya ibada sikuji. Na usiniulize." Akakata.

Ibada ni baada ya wiki mbili. Nekoye ameshanunua kitambaa cha meza. Nikipeleka kibao, Okello hatakuja, na watoto watakaa peke yao kile kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye nitakuwa nimemfukuza. Nisipopeleka, nitamwambia nini Nekoye, na miezi yangu minane je? Caren anasema nikivunje nipate amani, eti nimeongea na vidoli zaidi kuliko nilivyoongea na ndugu yangu. Maneno hayo yaliniuma. Mimi nilitaka kumheshimu. Naomba uniambie, kosa liko wapi, na nifanye nini?

Dalmas, Nyalenda.

MAMA SELPHA ANAJIBU

Dalmas, pole. Na pole si ya mdomo, maana barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unampenda kaka yako, hilo halina shaka. Mtu hachongi meno ndani ya mdomo wa ukubwa wa chembe ya mchele kwa ajili ya mtu asiyempenda.

Sasa kaa chini nikugombeze.

Mimi meno yangu ya chini yametengenezwa na watu wa kazi yako, kwa hivyo nawajua. Mnayatazama, mnasema yamekaa sawasawa, na anayetafuna nayo ni mwingine. Niambie, mteja akirudi kwako ameshika shavu, akasema hapa umekosea, wewe hufanya nini? Hupaki rangi. Hubadilishi kopo la kuyawekea. Unamuuliza, "Yanagusa wapi?" Huyo ni mgeni asiyekuhusu, na unamuuliza. Kaka yako amekuambia umekosea, ukaenda kuhesabu nati.

Umehesabu nati, Dalmas. Hukuhesabu watu.

Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umeandika walikuwa watano na lori moja. Kisha ukanionyesha kibao. Dereva, mmoja. Naswa, wa pili. Ogola, wa tatu. Wakhisi, wa nne. Nimehesabu kwa ncha ya kalamu, nikarudia nikidhani ni miwani yangu. Wanne. Okello alikizungusha kibao chako mara mbili mbele ya macho yako akijitafuta, na hakujipata, na wewe ukamwambia imebaki vumbi kidogo tu.

Najua ilivyokuwa. Una sheria yako, mtu asiye na kazi hapewi nafasi. Na katika hadithi yake ya kila Desemba, kila mtu ana kazi isipokuwa msimuliaji. Hajawahi kusema "mimi nilikuwa hapa." Umesikia hadithi hiyo miaka tisa ukashika mpaka mashavu ya mpuliza moto, na hukugundua kwamba ndugu yako hayumo. Usijilaumu peke yako, nyumba nzima mmeisikia na hakuna aliyeuliza. Lakini wewe ndiwe uliyemwekea hilo mezani, kwa mbao na gundi, akaona kwa macho yake kwamba hata ninyi mnaiona siku hiyo bila yeye.

Alikuwa wapi? Sijui. Labda alikuwa ameenda haja. Labda alikuwa amelala ndani ya lori. Labda ule mtungi alioketia Wakhisi ulikuwa wake dakika mbili kabla. Wewe pia hujui, na nakukataza kukisia, kwa sababu nakuona tayari umeshika kisu cha kuchongea unamtafutia kona nzuri. Acha.

Caren usimnunie. Alichosema ni kweli, ila dawa yake ndiyo sikubali. Usivunje kitu. Mtu ambaye hayumo hatapona kwa kuwatoa na wale wengine wanne.

Sasa nisikilize vizuri.

Kwanza Nekoye. Nenda kwake wiki hii, kwa miguu, si kwa simu, umwambie kibao hakijakamilika na hakitakuwa mezani Jumamosi hiyo. Usimweleze kwa nini, hiyo si habari yako kuitangaza. Atasikitika kidogo, ataweka maua juu ya kitambaa kipya. Watoto wake wanahitaji mtu wa kukaa katikati yao kuliko wanavyohitaji lori.

Kisha mwambie Okello umeshamwambia Nekoye hivyo. Maneno mafupi tu: "Kibao hakiendi. Njoo." Akijibu au asijibu, atakuwa na njia ya kuja bila kuona aibu.

Halafu chonga mtu wa tano. Asimame wima tu, mikono chini. Usimpake rangi, usimpe bunduki wala kikombe, na gundi iache Kisumu. Ibada ikishapita, siku yoyote Okello atakapokuwa nyumbani, peleka kibao na huyo mtu Katito. Mweke kwenye kiganja cha kaka yako, umwambie, "Nimekosa mahali pa huyu. Sijui anasimama wapi." Kisha nyamaza. Najua ni kazi ngumu kwako, mtu wa barua ya kurasa tatu, lakini nyamaza. Alikukataza kumuuliza, na wewe hujamuuliza. Umempa tu kilichokuwa chake.

Akimweka juu ya kibao, popote atakapomweka, hata kama ni mahali pabaya, hata kama atampa mgongo Wakhisi, usimrekebishe hata kwa upana wa nywele. Akimtia mfukoni, ni wake, mwache naye. Akikurudishia, mrudishe nyumbani, mwaka ujao jaribu tena. Nekoye anaweza kungojea kibao mwaka mmoja. Okello amengojea kuulizwa miaka tisa.

Na ukifika Katito ukute mashine inanguruma na hakuna mahindi ndani, usirudi Kisumu kama mara ile. Tafuta gunia ukae, ungoje mpaka aizime mwenyewe.