Mawimbi Juu ya Protini

Mwenzangu, nimeumbuka! Nimejificha stoo ya maabara.

Unayakumbuka yale mawimbi niliyoyaona juu ya nyuzi za protini, niliyokuchosha nayo wiki nzima? Leo nimeyaonyesha kikaoni, kifua mbele.

Profesa akauliza kwa upole, "Wakati wa kupima palikuwa kimya?"

Kimya kabisa, nikajibu. KIMYA!

Fundi wa mitambo akadakia, "Si ulikuwa kwenye simu, unamwambia mama yako hadubini hii unaimudu kuliko sisi sote?"

Ile sindano ya hadubini inayopapasa protini ni nyembamba mno, hata sauti ya mtu huitikisa. Mawimbi yote yale ni mdomo wangu!

Profesa akaitazama picha tena. "Basi hii si protini," akasema. "Ni majigambo."

Na mama huyu hapa anapiga. Sipokei ng'o.