Pipi Nilizoziosha

Dada mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, mwenye bahati kuliko wote. Watoto wa mtaa mzima wamenifanya mjomba wao. Kila Jumapili nyumba inafurika hadi mimi mwenyewe nakaa kizingitini. Goti nalo limeacha ukorofi.

Nimesikia mwanao amepona. Alhamdulillahi.

Sikukuu ile ulinionya, “Kaka, pipi za rangi zinamdhuru, usimpe.” Mimi, niliyekula chumvi nyingi na kuvuka mipaka mitano, nikajiona nimewazidi madaktari. Nikaziosha zile nyekundu kwenye karai mpaka maji yakaiva kama damu, nikazifuta kwa shati langu jipya, nikampa tatu. Sikujua kwamba rangi hupikwa humo humo na sukari, hadi katikati. Midomo ilipomvimba aliniuliza, “Mjomba, kwani hukuziosha vizuri?” Swali hilo halijanishuka kooni mpaka leo.

Wewe hukunitukana. Ulimbeba tu, ukaondoka. Bora ungenitukana.

Dada, hao watoto wa Jumapili ni uongo. Hapa haji mtoto yeyote. Aliyekuwa akiniita mjomba ni wako peke yake.

Kaka yako